Hakupotea: Alikufa Maji

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisikia nikilalamikia vina vya kulazimishwa na mizani zinazochechemea. Leo sina ugomvi na mtunzi yeyote. Ugomvi wangu ni na kitenzi kimoja, kupotea, na namna tunavyokitumia tunapowataja askari wetu waliofia baharini.

Kila inapokaribia tarehe 12 Februari huletewa kwenye simu picha ya meli kuukuu, na chini yake maneno ya kuwaenzi askari wa Afrika Mashariki “waliopotea baharini” mwaka 1944. Wanaonitumia ni watu wema, baadhi yao wanafunzi wangu wa zamani. Wanajua kwamba babu yangu alikuwa melini humo, na wanajua pia kwamba mimi naishi chomboni, basi huona wamenipatia zawadi mbili kwa mpigo mmoja. Wasilolijua ni kwamba neno hilo hilo, kupotea, ndilo lililomkalisha bibi yangu miezi kadhaa asijue kama yu mke au mjane. Nimelinyamazia miaka mingi. Mwaka huu nimeona nilisemee.

Kwanza niseme habari ya chombo, kwa sababu ndicho kilichonifundisha ninayoyasema. Tangu nilipostaafu ualimu makazi yangu ni jahazi tunalolimiliki mimi na binamu yangu. Yeye ndiye nahodha. Mimi ndiye mwenye kulala humo. Wakati wa kusi tunatia nanga katika mkondo wa Lamu, Manda ikiwa ng'ambo yetu, na kaskazi inapokomaa tunashuka Mombasa na shehena yoyote tuliyojaliwa. Nalala tezi, chini ya turubai. Vitabu vyangu vimo sandukuni, vimefungwa nailoni tabaka mbili, na bado vinaota ukungu. Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Alfajiri, kabla ya chai, kazi ya kwanza ni kufua maji ya ngama, maana hakuna chombo cha mbao kisichovuja, na anayekuambia chake hakivuji anataka kukuuzia.

Watu huniuliza kama nahamia baharini ili niwe karibu na babu. Ningependa kujibu ndiyo, lingekuwa jibu zuri. Ukweli ni kwamba kodi ya nyumba ilinishinda, nami tangu utotoni nilipenda kulala pale ninapousikia mkondo ukipita ubaoni. Baba yangu hakulipenda jambo hili. Alizaliwa 1943, akafa bila kukanyaga chombo kikubwa kuliko kidau cha kuvukia. Hata kuvuka Likoni alikuwa akisimama katikati ya feri, uso ameuelekeza kwenye magari.

Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Iling'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, katika msafara wa meli tano zilizosindikizwa na manowari. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500: wauguzi wa kike, wanamaji, mabaharia wa meli, na kundi kubwa kuliko yote, wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wapiga mizinga hao. Nyumbani tumezoea kusema alikuwa Keya, na hilo si sahihi. Keya ni King's African Rifles, jeshi la bunduki, na mizinga ilikuwa na kikosi chake mbali. Lakini watu wa zamani walimwita Keya kila aliyevaa kaptura ya kaki ya serikali, nami sioni haja ya kuwasahihisha marehemu katika hilo.

Jumamosi tarehe 12, yapata saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyojulikana kwa jina la I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Waliokufa ni watu 1,297. Waliookolewa walikuwa kama 214.

Nimewahi kuupima muda huo. Dakika mbili hazitutoshi kutua tanga letu, sisi watu wanne tunaolijua chombo kama tunavyojua vyumba vya mama zetu. Mtu aliyekuwa chini ya sitaha, katika meli asiyoijua, aliyepanda siku saba tu zilizopita au hata hizo hazikutimia, alikuwa na muda wa kuinuka na kuuliza kuna nini.

Sasa nirudi kwenye kitenzi. Habari ya kwanza ilimfikia bibi kabla masika hayajaanza, kwa mkono wa karani mmoja aliyetafsiri barua ya Kiingereza kwa mdomo, kibarazani, mbele ya majirani. Karani alisema: mumeo amepotea baharini. Simlaumu sana karani. Barua bila shaka ilisema hivyo kwa lugha yake, na katika lugha ile neno hilo la kijeshi lina maana yake mahususi: kwamba mtu hakuonekana, na ofisi haijapata ushahidi wa kumwandika marehemu. Karani alichukua neno la ofisi, akampa mwanamke neno la nyumbani.

Na katika lugha ya nyumbani, aliyepotea hutafutwa. Mbuzi hupotea, ufunguo hupotea, mtoto hupotea sokoni akaonekana kwa muuza juisi. Kinyume cha kupotea ni kuonekana, na mlango wa kuonekana haufungwi na yeyote. Bibi alipokwenda kuuliza hukumu yake, aliulizwa swali la haki kabisa: je, amekufa, au amepotea? Kama amekufa, kaa eda. Kama amepotea, huyo ni mafkudi, nawe bado ni mke wake, subiri. Bibi akajibu kwa neno alilopewa. Akarudi nyumbani akasubiri. Akaendelea kuweka sahani yake. Shangazi yangu, aliyekuwa na miaka mitatu, anakumbuka jambo moja tu la wakati ule, kwamba taa ya kibarazani haikuwa ikizimwa, na kwamba ilikuwa dhambi kuuliza mafuta yanatoka wapi.

Habari ya pili ilikuja katika mwezi wa Shaabani, yaani mwishoni mwa Julai. Hii ilisema amefariki, na ilitaja siku: 12 Februari. Bibi akarudi kule alikoulizia mara ya kwanza. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na kwamba huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku mke aliposikia. Kifo kilikuwa katikati ya Mfungo Tano. Miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Eda yako, mwanangu, umeshaimaliza.

Ameimaliza akiwa na wanja machoni. Ameimaliza akimshonea mumewe kanzu ya Idi.

Sina la kuisahihisha fikihi, wala sikusudii. Hukumu ilikuwa sawa kwa kadiri ya elimu niliyo nayo. Bibi alikaa hata hivyo. Alivua mapambo yake, akajifungia ndani mpaka Ramadhani ikapita, na aliyemwambia kwamba si lazima alimjibu kwamba anajua si lazima. Nilipokuwa mdogo hadithi hii niliielewa kama hadithi ya subira. Leo naiona pia kuwa hadithi ya tafsiri mbaya.

Maana Kiswahili kilikuwa na neno lake. Sisi watu wa pwani hatukuanza kuzikosa maiti zetu mwaka 1944. Tuna kuzama, tuna kughariki, na tuna lile la wazi kuliko yote, kufa maji. Lipo katika methali ya mfa maji anayetapatapa, tunayoitumia kila siku bila kukumbuka kwamba iliokotwa kwa mtu aliyetazamwa akifa. Ukisema mtu amekufa maji umekwisha kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba amekufa, na kwamba ni maji. Hakuna taa ya kuwacha kibarazani baada ya hapo. Tena kwa Muislamu neno hilo lina faraja ambayo kupotea haina, kwa kuwa aliyekufa maji amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Aliyepotea hahesabiwi popote.

Nitaeleza jinsi wenye bahari wanavyolitumia neno hilo, maana nimeliona kwa macho yangu. Miaka michache nyuma mashua ya wavuvi haikurudi. Walikuwa vijana wanne, siku za mwisho za kusi, mawimbi yakiwa marefu. Siku ya kwanza watu gatini walisema “wamechelewa”. Siku ya pili wakasema “wamepotea”, na neno lilipobadilika watu nao waliinuka: vyombo vilitoka, chetu kikiwemo, tukatafuta kaskazini na kusini, tukapiga simu visiwani. Kupotea lilikuwa neno la kazi. Lilimaanisha: tokeni mkatafute. Siku ya tatu kilionekana kipande cha tanga na galoni ya mafuta. Siku ya tano, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja ambaye mwenyewe alikuwa babu wa mmoja wa vijana wale alisimama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Watoto wetu wamekufa maji.” Watu wakaitikia. Ikasaliwa sala ya ghaibu, na matanga yakaanza usiku ule. Mama mmoja alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo, lakini kesho yake alikula uji.

Mzee yule hakuwa na habari mpya siku ya tano kuliko siku ya nne. Alichofanya ni kubadili kitenzi, na kwa kukibadili aliwapa wafiwa ruhusa ya kufiwa. Hiyo ni kazi nzito, na si ya kila mtu. Alingoja aifanye yeye kwa sababu ilimgusa yeye. Bibi yangu hakupata mtu wa kumfanyia hivyo. Na sisi, miaka zaidi ya 80 baadaye, bado tunawaandikia wale 1,297 kana kwamba vyombo viko nje vinatafuta.

Ami yangu, ambaye tunabishana naye juu ya jambo hili kila khitma, ananijibu kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Anasema Kiswahili ni lugha ya tasfida. Hatusemi mtu amekufa, twasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Mbona basi “waliopotea baharini” isiwe tasfida miongoni mwa tasfida? Kwa nini mjukuu aliyesoma aje na “kufa maji”, neno la gatini, lenye tumbo lililovimba ndani yake?

Namheshimu ami, naye ana sikio zuri la lugha kuliko langu. Lakini hapa amechanganya. Tasfida hulainisha jambo lenyewe bila kulibadilisha. Anayesikia “ametutoka” haendi kumtafuta mtu stesheni. Kupotea halilainishi kifo, linasimulia tukio jingine. Tena tasfida ni haki ya mfiwa na jirani yake. Ni kitambaa wanachofunikia wao. Inapotoka kwa ofisi, kwa mtu ambaye hajafiwa na ambaye ana sababu zake za kutokusema, si tasfida tena, ni ukimya uliovishwa adabu. Wakati wa vita habari za meli zilizozamishwa zilifichwa ili adui asizipate, na huenda hilo lilikuwa lazima. Vita vilipokwisha ulazima ulikwisha. Neno tu ndilo lililobaki, likaingia katika hotuba, na kutoka hotubani likaingia katika mashairi ya vijana wetu, ambao hudhani ni neno la kishairi kwa sababu lina huzuni.

Na kwa kuwa nimetaja hotuba, niligusie kwa ufupi neno lake jingine, shujaa. Katika familia yetu tulikuwa na askari wa pili, mdogo wake babu, aliyekwenda Burma na kurudi. Yeye alikuwa Keya kweli, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw nusu ya pili ya mwaka 1944, mvua ikinyesha juu yao mpaka wakafika Kalewa. Alituachia msamiati: kuruta, kombania, korokoroni. Hatukujua kwamba ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa kanzu; tulidhani ni maneno yake. Jambo moja nililigundua nikiwa mwalimu tayari, nilipokuwa nikifundisha kauli za vitenzi. Katika habari zake zote babu mdogo hakupata kusema “nilikwenda” wala “nilipigana”. Alisema tulipelekwa, tuliteremshwa, tulipangwa, tulirudishwa. Kauli ya kutendwa toka bandarini mpaka bandarini. Kitenzi pekee alichojitendea mwenyewe kilikuwa “nilinywa chai”. Mtu wa namna hiyo ukimwita shujaa anatazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa.

Kwa hiyo sipendi kuwaenzi kwa neno ambalo wenyewe hawakulivaa. Kuenzi, kwa wanaokumbuka matumizi yake ya zamani, si kusifu. Mgeni huenziwa, chombo huenziwa. Maana yake hutunzwa, huangaliwa, hakiachwi kikauke juani mbao zikaachana. Sanamu za askari zilizowekwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam baada ya Vita vya Kwanza zina maandishi ya kuwasifu, na moja ya lugha zake ni Kiswahili. Napita mbele ya ile ya Mombasa kila mwaka. Sifa zipo. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Majina ya waliokufa na Khedive Ismail yapo, angalau mengi yake. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye barabara ya Ngong, kuna ukuta wa ukumbusho wa Afrika Mashariki, na karibu 500 kati ya walioandikwa hapo walizama na meli ile. Nilimpeleka shangazi mwaka aliotimiza miaka 70. Tulimtafuta babu muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kwa sababu karani wa jeshi alisikia jina lake kwa masikio ya kwao. Shangazi alipolipata aliligusa kwa vidole, kisha akagusa la juu yake na la chini yake, kama mtu anayewasalimia majirani wa ndugu yake. Akauliza: “Mbona hawakuandika wamekufa vipi?” Nikamwambia jiwe halina nafasi. Akasema utenzi unayo.

Hapo alinipata. Tuna Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert, karani wa forodha ambaye hakuwa askari lakini alikusanya habari za vita vile vyote akaziweka katika mizani. Ni kazi kubwa mno, na imetazama vita kwa jicho la mtu aliye juu ya mlingoti: mataifa, viongozi, majeshi yanavyokwenda na kurudi. Tunachokikosa ni tenzi ndogo, za beti kumi au ishirini, za mtu mmoja mmoja: jina, cheo, kikosi, meli, siku, saa, na alivyokufa. Natamani vijana wanaonitumia picha za meli wangenitumia hizo. Kila nyumba iliyokuwa na Keya ina habari ya beti kumi, na waliozisikia kwa masikio yao wanapungua.

Nilianza mwenyewe. Beti mbili za kwanza ni hizi, na sizileti kwa kujisifia:

Msiseme kapotea,
si mwana wa kutembea
njiani akakosea,
maji ndiyo yalomla.

Jumamosi ni mchana,
pasi ndugu kuagana,
wala neno kupeana,
meli chini ikalala.

Msomaji ataniuliza mbona nahimiza majina na la babu silitaji. Ni sharti la shangazi. Jina litasomwa katika khitma na litakuwa katika ubeti wa tatu, lakini halitatoka nje mpaka utenzi utimie, na utenzi haujatimia kwa sababu ya mstari wa nne wa ubeti wa kwanza. Mstari huo, unaotetea hoja yangu yote, huenda si wa kweli.

Niliandika kwamba maji ndiyo yaliyomla. Baadaye nikasoma zaidi kuhusu mchana ule. Meli ilipozama, waliookoka walibaki wakielea, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili zilizokuwa zikilinda msafara, Paladin na Petard, ziliisaka kwa mabomu yanayolipukia chini ya maji. Hatimaye nyambizi iliibuka, ikapigwa, ikazamishwa. Lakini mabomu yale yalilipuka palipokuwa na watu, na baadhi ya waliokuwa wameikimbia meli waliuawa nayo, na ndugu zao wa upande ule ule. Waliotoa amri walikuwa na meli nyingine za msafara zilizojaa watu, na adui aliye hai chini ya maji. Sijui ningeamua nini mahali pao, na nashukuru kwamba sikuwepo.

Babu alikuwa wapi? Alikuwa chini ya sitaha zile dakika mbili, au alikuwa juu ya maji akielea, akiona manowari inamjia akadhani inakuja kumwokoa? Kama ni la kwanza, alikufa maji. Kama ni la pili, aliuawa, na ni kitenzi kingine tena, chenye mtendaji ndani yake. Nimewakemea watu kwa kutumia neno lisilo sahihi, nami nimekaa juu ya neno ambalo siwezi kuliapia.

Nilimwambia shangazi haya yote mwaka jana, nikidhani yatamuumiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: “Maji au bomu, mwanangu, amekufa siku ile. Mama alitaka kujua siku.” Kisha akaniambia niubadili mstari, kwa sababu bahari haikumla kwa hiari yake, na mtu hasingizii bahari halafu akalala juu yake.

Mwaka huu tulikuwa nje ya Kilindini tarehe 12, kama desturi yetu. Shangazi yeye hufuata Mfungo Tano na hufanya khitma yake nyumbani. Mimi nafuata Februari, kwa kuwa ndio wakati kaskazi inatushusha Mombasa. Tulipita mnara wa Ras Serani, tukatoka mwambani, binamu yangu akaamuru tanga litue. Saa nane na nusu tulisoma Yasini, tukataja jina lake na majina tuliyonakili ukutani, lile la juu yake na lile la chini yake. Hatukutupa maua, si mila yetu na maua yenyewe yamepanda bei. Nilisoma ubeti wa kwanza mpaka mstari wa tatu, nikanyamaza. Mabaharia walidhani nimesahau.

Nautafuta mstari huo. Unahitaji mizani nane, uishie kwa -la, useme kwamba amekufa, na kwamba ilikuwa baharini, wala usimtaje muuaji nisiyemjua wala usimfiche. Nimejaribu “baharini kafa mbele”, kina kikagoma. Nimejaribu mingine ambayo sitawaonyesha. Mwenye nao na aniletee. Tutakuwa Lamu, mkondoni, mpaka kaskazi ianze tena.